Dada, Nina Kinundu Shingoni: Nikapime Jeni au Nikubali Kisu?



Wadogo zangu wa Kigoma, leo katika kona hii nimeyaweka kando maswali ya ndoa na ya mikopo ya vikundi. Kuna swali moja mnaliuliza kwa sura nyingi, na nikiyakusanya maneno yenu linakuwa hivi: "Dada, nina uvimbe shingoni, nikimeza mate unapanda na kushuka. Nilichomwa sindano, majibu yakarudi kwamba haijulikani ni kitu gani. Daktari anasema nikatwe. Shangazi yangu aliyehamia Marekani akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alikuwa na uvimbe kama huu huu. Yeye walimpima jeni, wakamwambia hana haja ya upasuaji. Mbona mimi sijaambiwa kipimo hicho? Au ni umaskini wangu ndio unaonipeleka kwenye kisu?"

Mdogo wangu, keti nikuambie. Kipimo hicho kipo, shangazi hakukudanganya. Lakini kwake kilikuja mwisho, baada ya vipimo vingine kufanywa na kushindwa kutoa jibu. Vile vilivyotangulia, vingi unaweza kuvipata bila kuvuka mpaka wa Tanzania. Kwa hiyo kabla hatujalilia kipimo cha mwisho, tuhakikishe vya mwanzo vimefanywa sawasawa. Na kabla hujaweka sahihi kwenye karatasi ya upasuaji, yapo maswali unayostahili kujibiwa. Shikeni hayo mawili, mengine yote nitakayosema yanatoka humo.

Tezi hii na udongo wetu

Mbele ya koo, chini kidogo ya kile kifundo kinachoonekana zaidi kwa wanaume, kuna tezi yenye pande mbili zilizounganishwa katikati. Vitabu huiita dundumio, na hospitalini utasikia thairoidi. Homoni zake ndizo zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: mapigo ya moyo, joto, uzito, hedhi, usingizi, hata ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ili kuzitengeneza inahitaji madini joto. Yakiwa haba, tezi hujitanua ipate kunasa hicho kidogo kinachopita kwenye damu, na ikishatanuka kwa miaka huota vinundu. Hiyo ndiyo goita, au rovu.

Katika nchi za milima mvua huyaosha madini joto kutoka kwenye udongo na kuyapeleka mbali, kwa hiyo hata mazao yanayolimwa hapo huwa nayo kidogo. Tazameni kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, ziwa ambalo maji yake hushuka kwa mto Ruzizi mpaka humu Ziwa Tanganyika. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji, Delange na Ermans wakiwamo, walikuta goita imeenea kaskazini mwa kisiwa hicho ilhali kusini ilikuwa chache, ingawa madini joto yalikuwa haba kisiwa kizima. Utafutaji wao uliwafikisha kwenye muhogo, kwa kuwa una kemikali ambazo mwilini huizuia tezi isinase madini joto. Tezi yenye madini joto ya kutosha huuvumilia muhogo, ila ile yenye njaa huzidi kuelemewa.

Hapa kwetu, chumvi ilianza kutiwa madini joto kitaifa katika miaka ya 1990, na matunda yake yameonekana. Uchunguzi wa mwaka 2004, uliogusa wanafunzi zaidi ya 140,000 nchini, ulikuta goita kwa karibu watoto 7 kati ya 100, na kaya takribani 84 kati ya 100 zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Lakini mama aliyekulia enzi ya chumvi tupu anaweza kubeba vinundu vyake mpaka leo.

Nawaambia haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kuwatuliza: vinundu vya tezi ni vya kawaida mno, hasa kwa wanawake, na takribani 9 kati ya 10 si saratani. Ya pili ni ya kuwaamsha: kuishi penye goita nyingi hakumkingi mtu na saratani. Palipo na uhaba wa madini joto, ile saratani ya tezi iitwayo ya folikula huchukua sehemu kubwa zaidi kuliko kwingineko. Likumbukeni jina hilo la folikula, maana ndiyo inayoisumbua sindano.

Vipimo vina mpangilio wake

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mhudumu atakushika shingo, atakutazama unavyomeza, atauliza uvimbe umeanza lini, unakua kwa kasi gani, sauti imebadilika au la, kuna ndugu aliyewahi kuugua saratani ya tezi, na kama uliwahi kupigwa mionzi shingoni utotoni. Usiyajibu maswali hayo juu juu. Baadhi ya majibu yako yana uzito kuliko mashine.

Kisha damu, kupima homoni iitwayo TSH. Hii ndiyo inayosema tezi inafanya kazi kupita kiasi, inalegea, au iko sawa. TSH ikiwa chini, huenda kinundu chenyewe ndicho kinachomwaga homoni, na vinundu vya namna hiyo ni nadra kuwa saratani. Hapo hutumika picha ya mionzi ya nyuklia, inayopatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na matibabu hufuata njia nyingine kabisa. Mtu anaweza kukimbilia sindano na jeni kumbe jibu lake lilikuwa kwenye damu.

Kisha altrasaundi ya shingo, ambayo haina mionzi wala maumivu. Mpimaji aandike ukubwa wa kila kinundu kwa milimita na sura yake: kimejaa maji au ni kigumu, kingo zake ni laini au zimechongoka, kina vichembe vidogo vya chokaa au hakina, kimesimama kwenda juu kuliko kilivyotanuka, na matezi ya pembeni ya shingo yamevimba au la. Hayo ndiyo yanayoonyesha kinundu kipi kichomwe sindano na kipi kiangaliwe tu. Kinundu kidogo chini ya sentimita moja, chenye sura njema, kwa kawaida hakichomwi. Ukipewa karatasi iliyoandikwa "goita" basi, bila vipimo wala maelezo, rudi uombe maelezo kamili kwa heshima. Ni haki yako.

Mwisho, sindano nyembamba. Inaingizwa kwenye kinundu, mara nyingi ikiongozwa na altrasaundi, na kuchota seli chache zikatazamwe kwa hadubini na mtaalamu wa patholojia. Wengi mnaiogopa kwa sababu mmesikia kwamba kuchoma uvimbe "kunauamsha". Hiyo sindano haigeuzi kinundu chema kuwa saratani. Pengine itakubakizia alama ya damu kuvilia kwa siku chache, basi.

Kama hospitali ya mkoa, Maweni, hawana hatua mojawapo siku ulipokwenda, omba barua ya rufaa. Wagonjwa wa ukanda wetu wamezoea kupelekwa Bugando, Mwanza. Najua maana ya safari hiyo: basi la Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, nauli, mahali pa kulala, na nani abaki na watoto. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio. Safari moja iliyoandaliwa vizuri, ukiwa na majibu yako yote mkononi, inaweza kukuepusha na kurudi tena na tena.

Sindano inaposhindwa kusema

Majibu ya sindano hupangwa katika makundi 6, kwa mfumo uitwao Bethesda. Jina limetokana na mji wa Bethesda, Marekani, ambako wataalamu walikutana mwaka 2007. La 1, seli hazikutosha, rudia. La 2, si saratani. La 5, saratani inashukiwa sana. La 6, ni saratani. Katikati yapo la 3 na la 4, na humo huangukia majibu kati ya 15 na 30 katika kila 100. Hapo ndipo daktari husema "haijulikani", na hapo ndipo wewe ulipo.

Kwa nini mtaalamu mzima mwenye hadubini asijue? Rudi kwenye ile folikula. Uvimbe mwema wa folikula na saratani ya folikula vina seli zinazofanana. Kinachovitofautisha ni kama seli zimetoboa ganda linalouzunguka uvimbe au zimeingia kwenye mishipa ya damu. Sindano huchota seli, ganda haileti. Ni sawa na kuletewa konzi ya chikichi kisha ukaulizwa kama uzio wa shamba zilikotoka umebomolewa: chikichi unaziona, uzio hujauona.

Kwa miaka mingi njia ilikuwa moja, kukata upande wa tezi wenye kinundu na kuupeleka maabara ukatazamwe wote pamoja na ganda lake. Tatizo ni kwamba wengi waliokatwa kwa jibu la namna hiyo walikutwa hawana saratani. Walipasuliwa ili kujua tu. Kipimo cha jeni kilitafutwa kwa ajili ya watu hao.

Kipimo cha jeni hufanya nini

Wengi wenu mkisikia DNA mnamfikiria Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za baba wa mtoto. Hiki ni kipimo kingine. Hapa hatuulizi wewe ni wa nani. Tunauliza seli za kinundu zimebadilika wapi. Tena kusoma vinasaba ili kutibu si jambo geni kwetu. Ukipeleka makohozi hospitali yakaingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu ndivyo vinavyosomwa. Mtoto wa mama anayeishi na VVU akitolewa tone la damu kisiginoni, linalotafutwa ni vinasaba vya kirusi.

Kwenye kinundu, maji kidogo ya sindano ile ile hupelekwa maabara maalumu. Maabara moja hupima namna jeni nyingi zinavyofanya kazi kwa pamoja, ikatoa jibu kwamba kinundu kinaelekea kuwa chema au kinatia shaka. Nyingine hutafuta hitilafu zinazojulikana kwa majina. Hitilafu ya jeni ya BRAF iitwayo V600E ikionekana, karibu hakuna ubishi, ni saratani ya aina ya papila. Zile za jeni za RAS hukaa katikati: huonekana kwenye saratani na pia kwenye uvimbe usio na saratani.

Sasa sikilizeni takwimu, msije mkadhani mashine inaona kila kitu. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa kipimo kiitwacho Afirma. Vinundu 265 vilikuwa vimepata jibu la "haijulikani". Vyote vilikatwa na kuchunguzwa, na 85 vikakutwa na saratani. Kipimo kilikuwa kimevitilia shaka 78 kati ya hivyo 85, vingine 7 kikavipitisha kama vyema. Na kwa vile ambavyo havikuwa na saratani, kilivisafisha takribani nusu tu. Nusu nyingine kiliviacha kwenye shaka. Vipimo vimeboreshwa tangu hapo. Utafiti wa mwaka 2019 wa kipimo kingine, ThyroSeq, katika toleo linalosoma jeni 112 ulionyesha kwamba kilitambua saratani 94 kati ya 100, na kusafisha vinundu vyema 82 kati ya 100. Ni hatua kubwa, imewaepusha watu wengi na kisu. Lakini hata huko, anayeambiwa "kinaonekana chema" haruhusiwi kupotea. Anaendelea kupigwa altrasaundi kwa miaka.

Shangazi yako aliambiwa asikatwe. Muulize kama aliambiwa pia arudi. Kama ameacha kurudi kwa furaha ya jibu lile, mpigie simu umkumbushe.

Kwa nini hukuambiwa, na ufanye nini

Vipimo hivi ni mali ya kampuni na vyuo vya Marekani, vinagharimu maelfu ya dola, na mara nyingi huko huwa ni bima inayolipa. Kwetu havimo katika huduma za kawaida. Inaniuma, siwafichi. Watu wa udongo usio na madini joto ndio wanaoelekea zaidi kwenye folikula, aina ambayo sindano haiijui vizuri, na ndio waliokaa mbali zaidi na kipimo kilichotengenezwa kuisaidia sindano. Tena vipimo hivyo vilijaribiwa zaidi kwa wagonjwa wa huko. Uzito wa jibu hutegemea saratani ilivyo nyingi au chache miongoni mwa wanaopimwa, kwa hiyo takwimu za Marekani haziwezi kuhamishiwa Kigoma kama zilivyo. Natamani kuona watafiti wetu wa Muhimbili na Bugando wakivisoma vinundu vya watu wetu wenyewe.

Hata hivyo usikae ukilisubiri hilo, na usiuze shamba la michikichi ili ulifuate. Ukosefu wa kipimo cha jeni haujakufungia njia. Jibu likiwa kundi la 3, sindano hurudiwa, na mara nyingi jibu la pili huwa wazi zaidi. Unaweza kuomba vioo vyako vile vile vilivyopakwa seli vitazamwe na mtaalamu wa pili. Altrasaundi ikiwa na sura njema, kinundu kidogo na ukoo wako hauna historia, daktari anaweza kukubali mfuatilie kwa kupima tena baada ya miezi. Ikiwa sura ni mbaya, au kinakua, au jibu ni kundi la 4, kukata upande mmoja ni uamuzi wa busara. Hutakuwa umekatwa kwa sababu ya umaskini. Upasuaji huo unatibu na kupima kwa pamoja, na hata Marekani bado wanaufanya.

Na mtu akija mnadani au kwenye simu akakuambia anakusanya mate au damu "kupima jeni za goita" kwa malipo, usimpe. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na sampuli za binadamu haziokotwi barabarani. Isitoshe, kipimo tunachokizungumza hutoka kwenye kinundu chenyewe. Mate hayawezi kusema kinundu ni cha aina gani.

Jeni za ukoo ni habari nyingine

Kuna saratani ya tezi iitwayo ya medula. Ni chache, lakini takribani robo ya wagonjwa wake wameirithi, kupitia hitilafu ya jeni ya RET iliyotambuliwa mwaka 1993. Hii hupimwa kwa damu ya kawaida. Mzazi mwenye hitilafu hiyo, kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi, awe wa kike au wa kiume, na watoto wakijulikana mapema wanaweza kutolewa tezi kabla saratani haijaota.

Kwa hiyo ulizeni nyumbani. Kaeni na bibi, na shangazi, na baba mkubwa: nani alikufa na uvimbe wa shingo? Alikuwa na umri gani? Uvimbe ulikuwa mgumu? Kuna mwenye presha ya ghafla inayompiga jasho na moyo kwenda mbio? Kama ndugu wa damu wawili au zaidi waliugua saratani ya tezi, mwambie daktari maneno hayo mwanzoni kabisa. Tusimalize mazungumzo ya ukoo kwa "alirogwa", tukayazika maelezo ambayo yangeokoa wajukuu.

Kuhusu kisu chenyewe

Ukiambiwa ukatwe, uliza: upande mmoja au tezi nzima? Wakitoa upande mmoja, watu wengi hubaki na homoni za kutosha, ingawa wengine huhitaji kidonge. Wakitoa yote, utameza thairoksini kila asubuhi kabla ya kula, maisha yako yote. Fanya hesabu hiyo na familia kabla ya kwenda: itapatikana wapi, kwa bei gani, na nani atahakikisha haikatiki? Dawa hiyo siyo ya kumeza ukijisikia vibaya na kuacha ukipata nafuu.

Nyuma ya tezi hupita mishipa ya fahamu ya sauti. Ikijeruhiwa, sauti hukwaruza, pengine kwa muda, pengine kwa kudumu. Kwa mwalimu, kwa mwimbaji wa kwaya, kwa mama anayeita wateja wa mawese sokoni Mwandiga siku nzima, hilo ni suala la riziki. Mwambie daktari kazi yako. Karibu na hapo kuna vitezi vinne vidogo vinavyosimamia kalsiamu. Vikiguswa, vidole na midomo hufa ganzi na misuli hukaza. Ukiona hivyo baada ya upasuaji, rudi siku hiyo hiyo. Daktari bingwa aliyezoea shingo hupunguza hatari hizi, kwa hiyo kuuliza "wewe hufanya upasuaji huu mara nyingi?" si utovu wa adabu. Na kilichokatwa lazima kiende maabara. Usikubali kutoka hospitali bila kujua kimepelekwa wapi na majibu yatatoka lini.

Jikoni kwako

Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ile ya kupimiwa kwa kopo bila maandishi, hata kama imechimbwa hapa mkoani Uvinza ambako chumvi imechemshwa tangu enzi za kale, usiichukulie kuwa inayo mpaka ithibitishwe. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moto na unyevu, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Migebuka na dagaa wetu ni chakula bora, lakini samaki wa maji baridi hawana madini joto kama wa baharini, msiwategemee kwa hilo. Muhogo uloweke, uuvundike na kuuanika vizuri kabla ya kusaga, usikatishe siku kwa haraka ya soko.

Mjamzito ana mahitaji makubwa zaidi ya madini joto. Mwenye uvimbe na mimba aseme kliniki tangu hudhurio la kwanza.

Lakini usijinunulie matone ya ayodini, yaani hayo madini joto, ukanywa. Huko Kivu katika miaka ya 1990, chumvi ilipoanza kutiwa madini joto, madaktari waliona watu wenye goita za siku nyingi wakipata tezi inayokwenda mbio kupita kiasi, moyo ukidunda na mwili ukikonda. Chumvi iliyopimwa ni salama kwa jamii na ni lazima tuendelee nayo. Dozi ya kujipimia, tena kwa mwenye vinundu vya zamani, ndiyo ya kuogopa. Na chumvi hiyo hiyo haiyeyushi kinundu kikubwa ulichonacho tayari. Inawakinga watoto wako.

Mtandio hautibu

Nawajua mnaofunga mtandio shingoni hata kwenye jua la saa nane. Mmeambiwa goita ni laana, au ni ya ukoo usiofaa kuolewa. Wengine mmechanjwa chale, mmepakwa dawa inayounguza, mmekandwa mpaka ngozi ikavimba. Chale huleta vidonda na maambukizi, na kinundu hubaki pale pale kikipata muda wa kukua. Wifi na mama wakwe mnaosoma, mwanamke mwenye uvimbe shingoni hakujitakia. Na ninyi waume, kumsindikiza mkeo Maweni ni sehemu ya kumtunza, kama ilivyo kulipa ada ya mtoto.

Usisubiri haya

Nenda hospitali haraka, wala usisubiri mwisho wa mwezi, ukiona uvimbe umekua ghafla ndani ya wiki chache, sauti imekwaruza na hairudi, chakula au mate yanapita kwa shida, unapumua kwa mluzi au kwa tabu ukilala, kinundu ni kigumu na hakisogei, au kuna matezi mengine pembeni ya shingo. Mtoto mwenye kinundu apelekwe mapema bila kujali ukubwa wake, na mwanaume pia asidharau, maana goita kwake ni chache lakini kinundu chake ni cha kuchunguzwa.

Maswali ya kwenda nayo

Yaandike kwenye daftari, mpe na mtu anayekusindikiza ayasome:

1. TSH yangu ni ngapi, na inasema nini?
2. Kinundu kina ukubwa gani kwa milimita, na sura yake kwenye altrasaundi ikoje?
3. Jibu la sindano ni kundi la ngapi kati ya yale 6?
4. Tunaweza kurudia sindano, au kuomba mtaalamu wa pili atazame vioo?
5. Nikisubiri miezi 6 tukapima tena, hatari ni ipi?
6. Nikikatwa, ni upande mmoja au tezi yote, na kwa nini?
7. Kama kipimo cha jeni kingepatikana, kingebadilisha uamuzi wako kwangu?

Hilo la 7 litakuonyesha kama umekosa kitu. Kwa mwenye jibu la kundi la 2 au la 6, kwa kawaida kisingebadilisha uamuzi wa kukata au kuacha, kwa hiyo usijilaumu wala usimwonee wivu aliye Marekani. Kwa kundi la 3 na la 4 kingeweza kusaidia, na pale kinapokosekana, maswali manne yaliyotangulia hilo ndiyo yatakayokulinda usikatwe bila sababu, na usiachwe bila sababu.

Ukikwama kwa fedha, mtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujakata tamaa ukarudi nyumbani. Kusikiliza wasioweza kulipa ni kazi yake. Picha za altrasaundi, majibu ya damu na ya sindano yote yaweke kwenye bahasha moja isiyoachwa hospitali wala kwa jirani. Wiki hii usiache iishe hujajua jibu la swali la kwanza na la pili. Ukishayajua, niandikie, tuendelee kutoka hapo.

Dada yenu.